Mbeleko ya mvua: namna ya kuishona na kumweleka mtoto kwenye njia za milimani

Huku kwetu Usambara, ukitoka Soni kupanda vijiji vya juu, barabara ya gari ina mwisho wake. Zaidi ya hapo ni njia ya miguu, ya udongo mwekundu, na ikinyeshewa nusu saa tu inateleza kama imepakwa sabuni. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba tunazijua, lakini hata nje ya misimu hiyo ukungu hushuka mchana kweupe na manyunyu yakakulowesha taratibu bila wewe kujua. Siku ya kliniki nayo haisogezwi kwa sababu ya mawingu. Mama anamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, anashika mwavuli, anaondoka.

Mimi ni fundi cherehani, na ni mama wa watoto watatu. Mbeleko ninayoieleza hapa haikupatikana kwa siku moja. Ilianza Aprili mmoja nilipompeleka mwanangu wa pili kupimwa uzito. Mwavuli ulikuwa juu ya kichwa changu, nikaona tumejikinga sote. Kumbe mwavuli ulikuwa unamwagia maji yake yote mgongoni kwa mtoto. Tulipofika zahanati kanga ilikuwa inachuruzika, na kisogo cha mtoto kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Muuguzi alimvua nguo zote, akaniambia nimweke kifuani ngozi kwa ngozi, akatufunika kwa kanga kavu aliyoazima kwa mama mwingine. Tulikaa hivyo muda mrefu kabla mtoto hajatafuta ziwa.

Nilirudi nyumbani nikashona kifuniko cha turubai, nikamzungushia mtoto wote kuanzia shingo hadi miguu. Mvua haikuingia hata tone. Lakini nilipomfungua alikuwa amelowa vilevile, safari hii kwa jasho, na upepo ulipompiga akapata baridi ileile. Baadaye nikanunua koti kubwa la mvua la mtumba, nikalivaa juu yetu wawili, kichwa cha mtoto kikiwa ndani. Njiani nikamsikia anahema kwa taabu. Nilifungua vishikizo kwa mikono inayotetemeka, na tangu siku ile sijafunika tena uso wa mtoto kwa kitu kisichopitisha hewa, wala sitamruhusu mteja wangu afanye hivyo.

Nilichojifunza kwenye makosa hayo ni kwamba kifuniko cha mvua cha mtoto kinatakiwa kiwe paa, kisiwe mfuko. Paa linamwaga maji nje, chini liko wazi, hewa inapita. Kila hatua iliyoko hapa chini inatokana na jambo hilo moja.

Vitu vya kuandaa

Mbeleko yenyewe, yaani sehemu inayombeba mtoto, inahitaji drili ya pamba mita 2. Kitambaa chepesi cha jinsi (jeans) pia kinafaa. Usitumie nailoni kwa mikanda: ikilowa, fundo lake linateleza. Pamba ikilowa inabana. Utapata taabu kidogo kufungua fundo ukifika, lakini afadhali taabu ya kufungua kuliko fundo kujifungua lenyewe kwenye mteremko.

Kwa bitana tafuta kitenge yadi 1. Chukua cha pamba kilichokwisha kufuliwa mara nyingi, kimelainika, hakitoi rangi, kwa sababu mtoto atakinyonya.

Uzi uwe wa polista. Uzi wa pamba ukilowa na kukauka, ukalowa na kukauka, unaoza ndani ya mshono bila kuonekana kwa nje. Sindano ya cherehani iwe namba 16, au 18 kama umechagua jinsi.

Sweta kuukuu la sufu, la mtumba, ndilo la kuwekea mabegani. Mafundi wengi huweka sponji hapo, na kwa mbeleko ya mjini haina neno. Kwa njia za mvua sponji ni adui: inanyonya maji, inakuwa nzito, na haikauki hata siku tatu. Sufu hata ikilowa haiishiwi joto lote. Wazee wa nchi za milima walilijua hili zamani. Rwanda na Burundi watoto walielekwa kwa ingobyi, ngozi ya kondoo iliyolainishwa. Wakikuyu nao walikuwa na ngoi yao ya ngozi. Kule Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, neno engozi linatumika pia kwa machela ya kumbebea mgonjwa kwenye vilima, na mpaka leo wanakijiji wana vikundi vyao vya engozi vya kubebana kwenda hospitali. Napenda sana kwamba jina hilohilo linamfaa anayeanza maisha na anayeyapigania.

Kisha tafuta mwavuli mbovu, mkubwa, wa vipande 8, upana wake ukifunguliwa usipungue inchi 46. Fundi mwavuli sokoni anayo mingi iliyovunjika mbavu lakini kitambaa bado kizima. Kitazame kwenye jua: ukiona vitundu kama nyota, kiache. Mwavuli mdogo wa kukunja utamtosha mtoto wa chini ya mwaka mmoja tu.

Mengine ni mshumaa, chaki, mkasi, tepu ya fundi, na ukanda mwembamba wa plastiki laini uliokatwa kwenye kidumu, upana inchi 1, urefu inchi 12, pembe zake zimeviringwa. Usishawishike kutumia mbavu za mwavuli badala ya plastiki. Ncha zake zinatoboa kitambaa, na uso wa mtoto uko pale pale.

Hatua ya kwanza: kukata

Fua drili kwanza kwa maji ya moto, ianike, ndipo ukate. Drili mpya ikifuliwa inasinyaa, na mbeleko iliyokatwa kabla ya kufuliwa itakuwa fupi mwezi unaofuata.

Kata mikanda mitatu, kila mmoja urefu wote wa drili iliyofuliwa, karibu mita 2, na upana inchi 9. Miwili ni ya mabegani, mmoja wa kiunoni. Ukipata drili ya upana wa inchi 60 utabakiwa na kipande kikubwa cha kiwiliwili. Ukipata ya inchi 45 itatosha kwa shida, kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kuweka mkasi.

Kiwiliwili cha mbeleko kikishaisha kiwe na urefu wa inchi 18, upana wa chini inchi 16, na upana wa juu inchi 14. Ongeza nusu inchi pande za kushoto, kulia na juu kwa ajili ya mshono, na inchi 1 na nusu upande wa chini kwa ajili ya kuingia kwenye mkanda wa kiuno. Kata viwili, kimoja cha drili na kimoja cha kitenge. Hivi ni vipimo vya mtoto wa miezi sita hadi karibu miaka miwili. Kwa mtoto mdogo zaidi usikate mbeleko ndogo; funga kamba laini katikati ya upande wa chini ili kitambaa kijikusanye na kuwa chembamba, kisha uilegeze anavyokua.

Upana wa chini ndio wa kuzingatia kuliko vyote. Kitambaa kitoke nyuma ya goti moja kifike nyuma ya goti la pili, ili mtoto akae kama aliyechuchumaa, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio. Mabegi mengi ya kubebea watoto yanayokuja na mitumba yana kitako chembamba kama ulimi, mtoto ananing'inia kwa mapaja ya ndani na miguu inalegea chini. Mkao wa kutanua miguu kwenye mgongo wa mama ni mzuri kwa nyonga changa. Madaktari wa mifupa wamekuwa wakilisema hili, na utafiti wa Malawi uliochapishwa 2015 uliukuta ugonjwa wa nyonga za watoto kuteguka kuwa nadra sana huko, watafiti wakahisi sababu mojawapo ni huku kueleka mgongoni.

Hatua ya pili: mikanda

Kunja kila mkanda katikati kwa urefu, upande mbaya ukiwa nje, shona, ugeuze. Utapata mkanda wa upana wa inchi 4. Kabla ya kufunga ncha, kwenye ile mikanda miwili ya mabegani ingiza vipande vya sweta vilivyokunjwa mara mbili, urefu inchi 16 kuanzia upande utakaoungana na kiwiliwili. Piga mistari mitatu ya cherehani juu yake ili sweta lisikusanyike sehemu moja. Mkanda wa kiuno hauhitaji chochote ndani, ila katikati ya urefu wake acha inchi 16 bila kushonwa, kiwiliwili kitaingia hapo.

Usipunguze urefu wa mikanda kwa sababu wewe ni mwembamba. Baba naye atambeba mtoto, akiwa amevaa koti, na mita 2 atazihitaji zote.

Hatua ya tatu: kuunga

Hapa usiwe na haraka hata kidogo, kwa sababu uzito wote wa mtoto uko kwenye maungio manne.

Laza drili na kitenge pande nzuri zikitazamana. Ingiza mikanda ya mabegani katikati yake kwenye pembe mbili za juu, mkanda wenyewe ukilala ndani na ncha yake ikitokeza nje inchi 3, ili ukigeuza ncha iingie ndani na mkanda uelekee juu na nje kidogo, kama mikono ya mtu anayeomba dua. Shona pembeni kote isipokuwa chini, geuza, upige pasi. Sasa juu ya kila ungio piga mshono wa sanduku: mraba, na ndani yake msalaba, rudia mara tatu juu ya uzi uleule.

Mkanda wa kiuno ulaze, katikati yake ikutane na katikati ya kiwiliwili. Ingiza upande wa chini wa kiwiliwili ndani ya mkanda inchi 1 na nusu, shona mistari mitatu kutoka mwanzo hadi mwisho, na masanduku mawili kwenye pembe. Anza na malizia kila mstari kwa kurudisha cherehani nyuma. Mshono usiofungwa mwisho ndio unaoanza kufumuka.

Hatua ya nne: kuijaribu kabla mtoto hajaigusa

Mbeleko isiyojaribiwa haitoki dukani kwangu. Chukua gunia dogo, tia mahindi kilo 20. Kama huna mizani, jaza ndoo ya lita 20 maji, na ulinganishe uzito kwa kubeba. Mtoto wa mwaka mmoja huwa na kilo 9 hivi, wa miaka miwili kilo 12, kwa hiyo tunajaribu kwa uzito unaozidi. Funga mbeleko kwenye boriti, weka gunia ndani, liache lining'inie usiku kucha. Asubuhi livute kwa nguvu kwenda chini mara kadhaa, kama mtu aliyeteleza na kujishika ghafla. Halafu mwagia maji maungio yote na urudie. Ukisikia mlio wa uzi kukatika, au ukaona matundu ya sindano yamepanuka, fumua ungio hilo lote, ushone upya. Kiraka juu yake hakitoshi.

Hatua ya tano: paa la mvua

Toa kitambaa cha mwavuli kwenye mbavu kwa kukata nyuzi, usikivute. Utapata duara la vipande 8. Likate katikati likufanyie nusu duara mbili.

Nusu ya kwanza ndiyo joho. Upande ulionyooka utakaa juu, mabegani, na upande wa mviringo utaning'inia nyuma ya mtoto. Kwenye ncha mbili za upande ulionyooka shona kamba za drili za kufungia kifuani kwako. Pale katikati ya upande huo, ambapo kulikuwa na tundu la kichwa cha mwavuli, ndipo kofia itashonwa.

Nusu ya pili ina vipande vinne. Viwili vya kwanza, vikiwa bado vimeungana, ni kofia ya mtoto. Ingawa ni pembetatu, ukikunja ncha yake ndani na kukusanya mikunjo upande wa shingo utapata kofia yenye nafasi. Ukingo wake wa mbele upinde, na ndani ya pindo upitishe ule ukanda wa plastiki, ili kofia isimame mbali na uso. Shona ncha za pindo zote mbili ukanda usitoke. Kofia isiwe na kamba yoyote ya kufunga shingoni kwa mtoto.

Unapoiunga kofia na joho, pindo la kofia lilale juu ya joho kwa nje, inchi 2, kama bati la juu linavyolala juu ya bati la chini. Ukigeuza ukaweka joho juu ya kofia, maji yote ya kichwani yatakusanywa na kupelekwa shingoni kwa mtoto. Nimeletewa joho la hivyo nilirekebishe; aliyelishona alikuwa fundi mzuri kuliko mimi, ila hakuwahi kutembea nalo kwenye mvua.

Vipande viwili vilivyobaki vinatosha kifuko cha kadi ya kliniki, nepi kavu na soksi. Kishone upande wa ndani wa mkanda wako wa kiuno, mbele, mahali mkono wako unapofika.

Sasa chukua mshumaa, usugue juu ya mishono yote ya joho na kofia, kwa nje, mpaka uone weupe. Weka karatasi juu, pitisha pasi ya uvuguvugu. Nta inayeyuka na kuziba matundu ya sindano. Pasi ikiwa ya moto kitambaa cha mwavuli kitajikunja na kuungua, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Aliyekosa mwavuli anaweza kutumia kitambaa cha pamba kizito kilichopakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, haihitaji moto mkali. Ni kizito na kinakakamaa, lakini kinadumu.

Tabaka la mwisho la paa ni kofia yako wewe mama. Ivae yenye ukingo mpana, hasa nyuma. Maji yanatoka kwenye ukingo wako yanaangukia kofia ya mtoto, kofia inayamwaga juu ya joho, joho linayamwaga chini. Mikono yako inabaki huru. Mwavuli wa mkononi milimani ni mzigo: upepo ukiugeuza unakuvuta, na mkono uliotakiwa kushika fimbo ndio unaoushika.

Hatua ya sita: kumweleka

Mtoto ambaye shingo yake bado haijakaza, kwa kawaida chini ya miezi minne, mbebe kifuani bila joho, na koti lako liwe wazi juu, uso wake unauona. Kama mvua ni kubwa, safari ya mtoto wa umri huo isubiri.

Kwa wa mgongoni, mvishe nguo kavu nyepesi na soksi ndefu. Usimrundikie masweta, mgongo wako ukipanda mlima ni jiko. Funga mkanda wa kiuno kwanza, juu ya kitovu, kiwiliwili cha mbeleko kikiwa kimening'inia nyuma. Mara za mwanzo fanya ukiwa umekaa ukingoni mwa kitanda au benchi, na mtu mwingine nyuma yako. Inama, mpandishe mtoto mgongoni mpaka kichwa chake kifike usawa wa mabega yako, vuta kiwiliwili kimfunike hadi kwapani, ukiwa umembana kwa mkono mmoja muda wote. Leta mikanda mabegani, ipishanishe kifuani, irudishe nyuma ipite juu ya makalio ya mtoto na chini ya mapaja yake, kisha ilete mbele, ufunge mafundo mawili. Kule kupishanisha kifuani ndiko kunakozuia mikanda isiteleze mabegani ukiinama kwenye mteremko.

Kagua hivi: rukaruka kidogo. Mtoto akiachana na mgongo wako, umelegeza. Kidevu chake kisikandamize kifua. Vidole viwili vipite hapo. Uso uelekee pembeni, pua na mdomo viko wazi. Ndipo umwombe mtu akutupie joho juu.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika hivi wakati kuna mabegi ya kisasa. Nawajibu kwamba hayo mabegi ni wajukuu wa mbeleko. Mmarekani Ann Moore alikuwa muuguzi wa Peace Corps, shirika la Wamarekani wa kujitolea, nchini Togo miaka ya 1960, akaona akina mama wanavyoeleka kwa kitambaa na jinsi watoto walivyotulia. Aliporudi kwao yeye na mama yake wakashona mfano wake, ukawa begi la Snugli, lenye hataza (haki ya mvumbuzi) ya 1969. Kwa hiyo mbeleko yetu imekwishasafiri mbali na kurudi ikiwa na vifungo vya plastiki. Kwenye tope letu, mkanda wa kufunga kwa mkono naupenda zaidi: kifungo cha plastiki kikipasuka njiani hakuna wa kukuuzia kingine.

Njiani

Fimbo iwe ndefu kufika kifuani, na viatu viwe gambuti zenye meno, kwa sababu kandambili kwenye udongo huu ni kuanguka. Ukishuka, shuka kwa ubavu, hatua fupi, magoti yamelegea. Ukitaka kuokota kitu, chuchumaa mgongo umenyooka. Ukiinama kutoka kiunoni kichwa cha mtoto kinashuka chini ya makalio yake, na hapo hata mbeleko nzuri inaweza kumtoa.

Na tafadhali dada yangu, siku ya mvua usiweke tenga la mboga kichwani ukiwa na mtoto mgongoni. Najua soko halingoji, na najua lori la Kariakoo likiondoka mboga zinabaki kwako. Lakini ukiteleza na tenga, shingo inakwenda na tenga na mwili unakwenda na mtoto. Omba jirani akuchukulie moja kati ya hivyo viwili, nawe umchukulie siku yake.

Kila baada ya robo saa simama, ingiza mkono nyuma ya shingo ya mtoto. Usipime mikono wala miguu, hiyo huwa ya baridi hata mtoto akiwa salama. Kisogo kikiwa na jasho, fungua joho kidogo au mvue soksi. Kikiwa cha vuguvugu na kikavu, endelea. Kikiwa cha baridi, ingia nyumba yoyote iliyo karibu, ubishe hodi bila aibu. Vua nguo zote zenye maji, mweke mtoto kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo kwa kanga kavu na kichwa kwa kofia kavu. Ndivyo yule muuguzi alivyonifanyia. Baadaye nikaja kujua kwamba njia hiyo ilianzishwa rasmi kwa watoto njiti mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978 na madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, hospitali ikiwa na upungufu wa mashine za kutunzia watoto. Mtoto akiwa mlegevu, hataki kunyonya, au anahema kwa shida, usimalizie kumpasha joto nyumbani. Mwendeshe kituo cha afya akiwa hapo hapo kifuani.

Mto ukifurika, maji yakishapita magoti, rudi. Kadi ya kliniki itagongwa muhuri siku nyingine.

Kuitunza

Ukifika, tenganisha joho na mbeleko siku hiyohiyo. Joho likung'ute, litundike barazani kichwa chini. Usiliweke juu ya jiko maana kitambaa cha mwavuli hakivumilii moto. Mbeleko isuuze tope kwa maji baridi, ianike kwenye upepo mpaka mikanda ikauke hadi ndani kwenye sweta. Ukungu wa nguo ukianza kutoa harufu, fua kwa sabuni ya mche na uiache juani kutwa nzima, siku ya jua likipatikana.

Mishono ya joho isugue mshumaa tena kila mwanzo wa masika na wa vuli. Maungio manne ya mbeleko yakague kila usiku unaotangulia siku ya kliniki: vuta kwa mikono miwili karibu na taa, na uzi mmoja ukiwa umekatika, shona usiku huohuo. Mtoto akishavuka kilo 15, au magoti yakianza kutoka nje ya kitambaa, anatembea mwenyewe pale panapotembeleka. Mbeleko apewe jirani mwenye mtoto mchanga, lakini baada ya kuitundika tena na gunia lake la kilo 20.